Akiba Inatafutwa Wapi? Utangulizi wa Uchumi wa Usalama wa Umma

Huenda umefika kwenye somo hili ukitokea uhasibu, sheria au utawala wa serikali za mitaa. Huenda wewe ni askari uliyepanda cheo ukakabidhiwa bajeti ambayo miaka yote ya doria hukuwahi kuitia machoni. Fani hii inawapokea nyote, na inahitaji mnachokuja nacho. Swali lake ni moja: serikali inaponunua usalama kwa fedha za walipa kodi, yaani polisi, zimamoto, magereza na vituo vya kupokea simu za dharura, ni fedha zipi zinaweza kuokolewa bila mtu mwingine kuibiwa, kuungua, au kusota mahabusu kwa sababu hiyo?

Swali hili huulizwa zaidi mwaka unapokuwa mgumu. Hazina inatoa ukomo mpya wa bajeti, ukomo umeshuka, na mipango yote inarudi mezani. Mishahara haikatwi kirahisi. Kinachofyekwa ni matumizi mengineyo: mafuta, matengenezo ya magari, mafunzo, posho za safari. Matokeo yake wananchi wengi wanayafahamu. Mtu anafika kituoni usiku kuripoti kuwa amevunjiwa nyumba, anakuta askari wapo, gari lipo, dereva yupo, kisha anaambiwa gari halina mafuta. Hapo serikali imeshalipia karibu kila kitu, isipokuwa kile kidogo ambacho kingevipa vingine vyote maana. Kwenye karatasi hiyo inaitwa akiba. Mimi siikubali, na kurasa zinazofuata ni maelezo marefu ya kwa nini.

Ninachoshikilia ni hiki: akiba ya kweli katika huduma za usalama hupatikana kwa kuchunguza saa za watu zinatumikaje na maombi ya wananchi yanatoka wapi. Tena haihesabiki kuwa akiba mpaka tumefuatilia gharama iliyoondolewa tuone kama haijaangukia kwa mtu mwingine.

Tuanze langoni. Chukua lindo moja tu: askari mmoja mwenye silaha mbele ya jengo, saa 24, siku zote za mwaka. Linahitaji askari wangapi? Wengi hujibu watatu, kwa kuwa siku ina zamu tatu za saa 8. Sasa piga hesabu. Mwaka una saa 8,760. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki ana saa 2,080 kwa mwaka. Toa likizo ya siku 28, ambayo ni wiki nne, yaani saa 160. Toa sikukuu, tuseme siku 15, saa 120. Toa siku 10 za ugonjwa na mafunzo, saa 80. Zinabaki saa 1,720. Gawanya 8,760 kwa 1,720 na utapata 5 na ushei. Lindo moja ni askari watano. Mkuu wa kituo anayeongeza lindo la usiku na mchana kwa mstari mmoja kwenye daftari la zamu ametumia ajira za watu watano, bila kibali cha Utumishi na bila mjadala wowote. Na anayeondoa lindo ambalo taa, ukuta na kufuli imara vingelitosha, amepata askari watano wa upelelezi bila kumfukuza mtu.

Najua kwamba katika majeshi yetu wiki ya saa 40 ni ndoto kwa askari wengi. Zamu ya saa 12 ni jambo la kawaida, na likizo huahirishwa mwaka hadi mwaka. Hilo haliifuti hesabu. Linamaanisha kwamba sehemu ya gharama inalipwa na mwili wa askari na familia yake, na mwananchi anailipa siku atakapokutana na mtu mwenye bunduki ambaye hajalala.

Nimeanza na saa kwa sababu huduma hizi ni za watu kuliko mitambo. William Baumol na William Bowen walilieleza tatizo hili mwaka 1966 katika utafiti wao juu ya sanaa za jukwaani: kazi inayotegemea muda wa binadamu haiongezi tija kwa kasi ya kiwanda, ilhali mishahara yake hulazimika kupanda sambamba na ya wengine. Kwa hiyo inazidi kuwa ghali hata kama hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Mji wa Vallejo, California, ulipoomba mahakamani ulinzi wa kufilisika mwaka 2008, malipo ya polisi na zimamoto yalikuwa yakichukua karibu robo tatu ya mfuko wake mkuu. Mji unaofikia hapo haujiokoi kwa kupunguza kalamu na karatasi. Inabidi uulize watu hao wanafanya nini kutwa.

Jaribio ambalo kila mgeni wa fani hii hulisoma kwanza lilifanyika Kansas City, Missouri, kuanzia mwaka 1972 hadi 1973, likisimamiwa na taasisi iitwayo Police Foundation, na George Kelling akiwa kiongozi wa watafiti. Maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza doria ya magari iliondolewa kabisa. Polisi waliingia pale tu walipoitwa. La pili liliongezewa magari mara mbili hadi tatu. La tatu liliachwa lilivyokuwa. Baada ya mwaka mmoja, watafiti hawakuona tofauti ya maana katika uhalifu, katika hofu ya wakazi, wala katika kuridhika kwao na polisi. Watu wengi hawakutambua hata kwamba kuna kilichobadilika.

Jaribio hilo limesomwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo ninaomba tulisome kwa makini. Halikusema polisi hawahitajiki: walioitwa walikuja. Lilichoonyesha ni kwamba gari kuzunguka mitaani bila mpango hakununui usalama unaolingana na mafuta yake. Mwaka 1989 Lawrence Sherman na wenzake walichapisha uchambuzi wa simu zilizopigwa polisi mjini Minneapolis, wakakuta kwamba karibu nusu ya simu zote zilitoka kwenye asilimia 3 tu ya anwani za mji. Christopher Koper alipotazama data za huko mwaka 1995, alionyesha kwamba polisi akisimama kwenye sehemu hizo korofi kwa dakika 10 hadi 15 kisha akaondoka, faida ni kubwa kuliko akipita tu, na akikaa zaidi faida inaanza kupungua. Unganisha matokeo haya na utaona kwa nini nalipenda somo hili. Askari ni wale wale na gari ni lile lile, kilichobadilika ni mahali na dakika.

Maombi yenyewe nayo yachunguzwe. Katika miji mingi ya Marekani sehemu isiyo ndogo ya kazi ya polisi wa zamu ilikuwa kukimbilia ving'ora vya wizi vilivyolia ovyo: paka amepita, mlango umepigwa na upepo, mwenye nyumba amesahau namba ya siri. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya simu hizo hazikuwa na mwizi yeyote. Mwaka 2000 mji wa Salt Lake City uliweka sharti kwamba polisi hawatakwenda mpaka kampuni ya ulinzi ithibitishe kuna tukio. Safari za ving'ora zilipungua kwa takriban asilimia 90. Gharama ilirudi kwa kampuni zilizokuwa zikiuza ving'ora hivyo na kumwachia mlipa kodi kazi ya kuviitikia.

Hapo ndipo wanafunzi wenye bidii huteleza upande wa pili. Wakishaona thamani ya saa, wanaingia kituo cha zimamoto, wanakuta kikosi kimekaa kikicheza bao saa nne asubuhi, na wanaandika kwenye ripoti kuwa kuna nguvu kazi isiyotumika. Hili ni kosa la msingi. Kikosi cha zimamoto hulipwa ili kiwe tayari, na kusubiri ni sehemu ya huduma inayonunuliwa. Kikosi chenye shughuli muda wote ni kikosi ambacho moto wako utakikuta kwingine. Ndiyo maana swali la Marekani kuhusu magari ya zimamoto ni gumu kuliko linavyoonekana. Huko karibu theluthi mbili ya miito ya zimamoto ni ya wagonjwa, na moto wenyewe ni takriban asilimia 4 tu. Mtu anaweza kusema kumpeleka zimamoto na gari lake kubwa kwa mzee aliyeanguka chooni ni ufujaji. Lakini kikosi kimeshalipwa, kiko karibu, na dakika za mgonjwa ni chache. Gharama ya nyongeza ni mafuta na matairi. Ufujaji unaanza pale miito ya namna hiyo inapokuwa mingi kiasi cha kudai gari la pili na kikosi cha pili. Kujua umefika lini hapo ni kazi ya hesabu, na hakuna kanuni ya jumla itakayokuamulia.

Juu ya ukubwa wa taasisi, mwalimu wangu mkuu ni Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Wengi wanamfahamu kwa misitu, malisho na mifumo ya umwagiliaji. Kabla ya hayo alitumia miaka mingi kuchunguza polisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na wanafunzi wake walilinganisha vitongoji vyenye vikosi vidogo vya polisi na mitaa inayofanana navyo iliyohudumiwa na jeshi kubwa la mji wa Indianapolis. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kuunganisha vikosi ni akiba isiyo na ubishi. Ostrom akakuta vikosi vidogo vinafanya doria na kuitikia miito vizuri sawa na jeshi kubwa au kulishinda, bila gharama ya ziada. Hata hivyo hakuuabudu udogo. Maabara ya uchunguzi na mitambo ya mawasiliano, alisema, hufaidika na ukubwa. Kila kazi ina ukubwa wake.

Serikali ya Uingereza ingenufaika na angalizo hilo, na zaidi na tahadhari katika utekelezaji. Mwaka 2004 ilianza mradi wa kufunga vyumba 46 vya kupokea simu za zimamoto nchini England na kuweka vituo 9 vya kanda vyenye mtambo mmoja wa kompyuta. Wazo lilikuwa na mantiki: simu ni miongoni mwa kazi zinazofaa kuunganishwa. Majengo yakajengwa. Mtambo haukukamilika. Vikosi vya mikoa, ambavyo ndivyo vingeutumia, havikushirikishwa ipasavyo wala havikuwa na sababu ya kuutaka. Desemba 2010 mradi ukafutwa, na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ikahitimisha kwamba zisizopungua pauni milioni 469 zilikuwa zimepotea. Huo ulikuwa mradi wa kubana matumizi.

Kwetu Afrika Mashariki majirani wawili wamechukua njia tofauti kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti huduma za zimamoto. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2007, ilielekea kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji moja la taifa, ilhali kabla ya hapo magari mengi ya mijini yalikuwa mikononi mwa halmashauri. Yeyote anayetafuta mada ya shahada ya uzamili aanzie hapo, kwa swali la Ostrom: ununuzi wa magari, mafunzo, ukaguzi wa majengo na mwitikio wa usiku wa manane, kipi kinahitaji taifa na kipi kinahitaji mtu anayeijua mitaa?

Ununuzi nitaupitia haraka, kwa kuwa una vitabu vyake. Itoshe kukumbusha kwamba Januari 2020 Rais wa Tanzania wa wakati huo, John Magufuli, alimwondoa Waziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya makubaliano ya vifaa vya zimamoto ya zaidi ya euro milioni 400, ambayo kwa maelezo yake hayakuwamo kwenye bajeti wala hayakupita Bungeni. Mkataba mmoja wa aina hiyo unaweza kumeza akiba ya miaka ya kubana mafuta vituoni.

New York sitaipita haraka. Mwaka 1969 mji huo, chini ya Meya John Lindsay, ulianzisha pamoja na shirika la RAND taasisi ya kutumia hisabati katika huduma za umma, na zimamoto ikawa mteja wake mkubwa. Kazi iliyotoka humo bado inafundishwa, nami naifundisha. Peter Kolesar na Edward Blum walionyesha mwaka 1973 kwamba umbali wa wastani ambao gari husafiri kufika kwenye moto hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya magari katika eneo. Ukitaka kuupunguza umbali kwa nusu, unahitaji magari mara nne. Kinyume chake ndicho kiliwavutia wabana bajeti: eneo lenye magari 100 likibaki na 81, umbali wa wastani unaongezeka kwa asilimia 11 tu. Palipo na mengi, ukifunga machache hakuna anayeona.

Makumi ya vikosi yakafungwa au kuhamishwa kuanzia mwaka 1972, na msukosuko wa fedha wa mwaka 1975 ukazidisha. Kati ya mwaka 1970 na 1980, maeneo saba ya sensa huko Bronx, sehemu ya mji wa New York, yalipoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo yake kwa moto na kutelekezwa. Kulikuwa na sababu nyingi: benki zilikimbia, wenye nyumba waliacha kutengeneza, wengine walichoma makusudi ili walipwe bima. Wasomi hawajakubaliana sehemu ya lawama inayostahili kubebwa na kufungwa kwa vituo. Deborah na Rodrick Wallace wanaipa uzito mkubwa, na baadhi ya waliokuwa RAND wanaupinga.

Mimi nataka msomaji aone kilichotendeka ndani ya hesabu. Kanuni yenyewe inadai tuhesabu magari yaliyo huru, si yaliyosajiliwa. Bronx ilikuwa na vituo vingi kwa sababu ilikuwa na moto mwingi. Katika usiku mbaya, karibu kila gari lilikuwa kazini, na mtaa wenye vituo vingi kwenye ramani ulikuwa na magari mawili au matatu ya kuitika. Hapo kipeuo cha pili kinamgeukia mwananchi: kutoka magari manne huru hadi moja, umbali unakuwa mara mbili. Tena muda wa gari kufika ulichaguliwa kuwa kipimo kikuu kwa sababu ndio uliopimika, na vituo vya mitaa ya watu wenye sauti kisiasa vilikuwa na watetezi kila vilipotajwa. Hesabu nzuri ilitumiwa mahali ambapo masharti yake hayakutimia, na walioishi humo hawakuwa na nafasi mezani. Kila mara ninapofika sehemu hii darasani huwa nasimama kwa muda, maana watu wale walikuwa na vitanda, vyeti vya shule na picha za harusi ndani ya majengo yale.

Naja sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha somo, na halihitaji kusafiri mbali. Fungua kitabu cha bajeti ya Tanzania. Jeshi la Polisi ni Fungu 28, Magereza ni Fungu 29, Mahakama ni Fungu 40. Sasa nenda mahakamani siku ya kutajwa kesi. Mshtakiwa asiye na dhamana analetwa, mwendesha mashtaka anasimama na kusema upelelezi bado haujakamilika, hakimu anaahirisha, mshtakiwa anarudishwa rumande. Baada ya wiki mbili ni hayo hayo. Mara nyingi kinachosubiriwa ni kidogo: mpelelezi hajapata nauli ya kwenda kumhoji shahidi mkoa mwingine, au majibu ya Mkemia Mkuu hayajafika. Fungu 28 limebana nauli. Fungu 29 linalisha mtu kwa miezi, linamlinda na kumsafirisha kwenda na kurudi. Fungu 40 linalipa muda wa hakimu na karani. Familia yake inalipa kwa mshahara uliokatika na nauli za kumtembelea, na yeye mwenyewe, ambaye huenda hana hatia, analipa kwa maisha yake. Hakuna ofisa hata mmoja aliyefanya kosa la kihasibu. Kila fungu, likitazamwa peke yake, limejitahidi.

Ukiisoma bajeti kwa safu za mafungu hutaiona gharama hii kamwe. Inabidi uisome kwa safari ya kesi moja, tangu namba ya ripoti polisi (RB) hadi hukumu, ukiandika pembeni kila siku imelipiwa na nani.

Ulinzi shirikishi nao una gharama ya namna hiyo, isiyoonekana kwenye mafungu. Sungusungu ilipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi, ilikuwa jibu la wanavijiji kwa wizi wa ng'ombe ambao dola haikuumudu. Ostrom angeitambua mara moja, kwa kuwa yeye na wenzake ndio waliotuonyesha kwamba usalama hutengenezwa na raia na askari kwa pamoja, na raia akijitoa askari peke yake hawezi. Leo mitaa mingi ya mijini ina vijana wa ulinzi wanaolipwa kwa michango ya kila mwezi ya kaya. Kwenye bajeti ya taifa huduma hiyo ni karibu bure. Kwa mama anayeuza vitumbua, mchango huo ni kodi, na hulipa sawa na mwenye ghorofa ng'ambo ya barabara. Naunga mkono ulinzi shirikishi. Pale unaposimamiwa vizuri unazuia mengi kwa fedha kidogo. Ninachotaka ni uandikwe. Gharama ya kaya iwe na safu yake katika jedwali, na vijana wale wahesabiwe saa zao kama tulivyomhesabia askari wa lindo.

Sura ya kwanza inakutaka uende kituo kimoja, kwa ruhusa ya mkuu wake, na uombe kuona daftari la matukio na daftari la zamu za mwezi uliopita. Usiende na pendekezo lolote. Panga matukio kwa aina, mahali na saa, kisha weka zamu juu yake uone ni saa ngapi askari walikuwa wengi na kazi ikiwa haba, na ni saa ngapi kinyume chake. Uliza askari wa zamu kwa nini iko hivyo, na umpe muda wa kueleza. Baadhi ya sababu zitakuwa mazoea tu. Nyingine zitakuwa na busara ambayo haimo katika daftari lolote, na hizo ziandike kwanza.